Engege wa Penina na Baridi ya Juni

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, Penina alirusha punje za chakula bwawani na samaki hawakuja.

Alisubiri. Siku nyingine alikuwa hajamaliza hata kufungua kiganja, maji yanachafuka kwa midomo na mikia. Asubuhi hiyo punje zilielea tu. Upepo ukazisukuma hadi ukingoni, zikajikusanya pale kama maganda ya karanga. Akarusha nyingine chache. Kimya. Ukungu kutoka ziwani ulikuwa umelala juu ya migomba, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

"Engege wangu," akasema kwa sauti, "mna nini leo?"

Engege ndiyo sato kwa Kihaya, na Penina alikuwa nao karibu mia moja na hamsini nyuma ya nyumba yake pale Ijuganyondo. Aliwaweka mwezi wa kumi wakiwa wadogo kuliko kidole cha mtoto. Aliwalisha mara mbili kwa siku, akawalinda na ndege kwa kamba alizozifunga vipande vya mifuko, akawasimulia habari za mtaa wakati wakila. Walikua vizuri. Walikua vizuri mno, na hapo ndipo alipojiponza. Mwezi wa tano, kwenye kikao cha wanawake wa usharika, walipofika kwenye chakula cha mchana cha siku ya kipaimara, Penina alisimama.

"Samaki nitatoa mimi. Kilo arobaini."

Hellen, mwenyekiti wao, alivua miwani akamtazama vizuri. "Mama Nancy, kilo arobaini kutoka kwenye lile shimo lako?"

"Kutoka kwenye bwawa langu."

Watu wakacheka, lakini katibu akaandika. Kipaimara kilipangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Leo zilikuwa zimebaki wiki nne kasoro siku moja, na samaki walikuwa wamegoma kula.

Alimpigia simu Annastella, afisa uvuvi aliyemsaidia tangu siku ya kuchimba. Annastella alifika kabla ya saa nne akiwa juu ya pikipiki, amevaa koti zito na kofia ya sufu chini ya helmeti. Hakuuliza maswali mengi. Alitoa kipimajoto kwenye begi, akakifunga kwa uzi, akakizamisha majini, wakakaa kukisubiri kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

"Kumi na tisa," Annastella akasema. "Basi, ndiyo sababu."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi, mama. Wanasikia baridi. Samaki hana joto lake mwenyewe, analichukua kwenye maji. Maji yakipoa, na tumbo lake linalala. Ukimlazimisha chakula hakisagiki, kinaozea chini kinaharibu maji. Sato anataka nyuzi ishirini na tano, ishirini na nane hivi. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba ndiyo miezi migumu."

"Sasa wana uzito gani?"

Walimnasa mmoja kwa wavu wa mkono. Gramu mia mbili na kumi.

Annastella akamrudisha majini taratibu. "Una njia mbili. Uvune sasa hivi wakiwa hivyo hivyo, au utafute namna ya kuyapasha maji joto. Ila usiendelee kuwalisha kwenye baridi hii."

"Kuyapasha maji joto," Penina akarudia.

Annastella alikuwa na ziara ya visiwani, boti ilikuwa inamsubiri Muleba. Alimwachia kile kipimajoto, akaondoka.

Kesho yake kulipopambazuka, Gamaliel, mume wa Penina, alitoka nje akamkuta mkewe amewasha majiko matatu ya mafiga uani. Kwenye kila jiko kulikuwa na sufuria kubwa ya sherehe, na maji yalikuwa yanachemka. Penina alishika sufuria moja kwa vitambaa, akatembea nayo kama bata hadi nyuma ya nyumba, akarudi na sufuria tupu, jasho likimtoka na baridi ile yote.

"Mama Nancy," Gamaliel akasema, "unafanya nini?"

"Napasha bwawa joto."

"Kwa sufuria?"

"Una kingine?"

Gamaliel alikaza uso, lakini kicheko kilimshinda. Alicheka hadi akajishika kwenye nguzo ya jiko. "Waitu, jamani! Unawapika supu wangali hai!"

Inafaa ieleweke kwamba Gamaliel hakuwa amekanyaga nyuma ya nyumba kwa miezi minane. Yeye alikuwa fundi bomba, mtu aliyepitisha maji kwenye nusu ya nyumba za kata ile, lakini bwawa hakulitaka. Penina alipomwomba ruhusa ya kuchimba, alimjibu kwamba kibanja cha migomba cha baba yake si mahali pa kuogelea. Kisha akapata kazi ya wiki mbili Muleba. Aliporudi, migomba tisa na miti miwili ya kahawa ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake palikuwa na maji, mita tano kwa nane. Hakugomba. Alitazama mara moja, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akitaka kwenda chooni alizunguka upande wa jikoni ili asilione bwawa.

Sasa alikuwa amesimama kati ya mafiga anacheka, na Penina, ambaye hakuwa amelala vizuri, alitua sufuria chini akaanza kulia.

Kicheko kikakatika.

"Nimesimama mbele ya watu nikasema kilo arobaini," Penina alisema. "Wako mia mbili na kumi. Gramu! Na hawali. Nivune nini? Nimpe Hellen nini?"

Gamaliel alijikuna kidevu. Alitazama sufuria. Akatazama mvuke unavyopanda na kupotea hewani. Alikuwa mtu ambaye akiona maji yanakwenda mahali pasipo pake, mikono inamwasha.

"Bwawa lina maji lita ngapi?" akauliza.

"Sijui. Kina chake kinanifika hapa." Akajigusa kiunoni.

"Basi ni kama elfu thelathini na tano. Na wewe unabeba lita ishirini." Akatikisa kichwa. "Hata ukibeba hadi Krismasi. Njoo unionyeshe."

Akatangulia, akapita njia aliyoikwepa miezi minane, akasimama ukingoni. Alilitazama bwawa kama anavyotazama choo cha mtu aliyemwita baada ya fundi mwingine kuharibu. Akatazama juu, kwenye paa la mabati. Akatazama jua linapotokea. Halafu akaokota kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko, akaanza kuchora kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yao, ukuta walioupaka rangi Pasaka tu.

"Baba Nancy, ukuta!"

"Acha ukuta. Tazama hapa. Mpira mweusi, huu wa inchi moja. Ninao roli mbili stoo zimebaki kwenye kazi. Tunauzungusha juu ya bati, huku na huku, kama utumbo. Pampu ndogo inavuta maji bwawani, inayapandisha, yanapita polepole juani, yanashuka huku yakiwa ya moto. Umewahi kushika mpira mweusi saa nane mchana?"

"Unaunguza."

"Unaunguza! Hiyo ni moja. Ya pili, joto likiingia lisitoke. Tunafunika kwa nailoni nyeupe, ile ya vitalu vya miche. Wale wa Maruku wanaotesha miche wanafunika hivyo." Alikuwa anaongea haraka, mkaa unakwaruza ukuta. "Tunatega matao ya mianzi. Usiku joto halitoki, mchana linaingia. Kumbe ni kitu kidogo, Mama Nancy! Ni kitu kidogo!"

Penina alikuwa hajamsikia akiongea namna hiyo tangu Nancy, binti yao, alipokwenda chuo Mwanza.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Gamaliel aliahirisha kazi ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na malaria. Alipanda juu ya bati na roli la mpira begani, Penina akiwa chini anamrushia misumari na vipande vya waya. Majirani walisimama barabarani kuuliza kama wanajenga antena. Mianzi ilitoka bondeni. Nailoni waliinunua mjini Bukoba, wakaibeba kwenye bodaboda ikiwapigapiga masikio njia nzima. Alhamisi saa tano, jua likiwa limeshatoboa ukungu, Gamaliel aliwasha pampu.

Mpira ulikohoa. Ukatema hewa, ukatema mchanga, ukatema mende mmoja. Halafu maji yakaja.

Penina aliweka mkono chini ya bomba. "Ya moto! Baba Nancy, ya moto kama ya kuogea!"

"Kipimajoto kinasemaje?"

"Bwawani bado ishirini."

"Subiri."

Hawakuweza kusubiri. Walikunja pembe ya nailoni kila baada ya nusu saa. Ishirini na nusu. Ishirini na moja. Saa nane Gamaliel alikataa kuingia ndani kula, akaletewa ndizi palepale ukingoni. Ijumaa ishirini na mbili na nusu. Jumamosi ilikuwa na mawingu, wakakaa wamenuna kama watu waliofiwa. Jumapili walitoka kanisani moja kwa moja wakiwa na nguo zao za ibada, Penina akainama chini ya nailoni na gauni lake la kitenge.

"Ishirini na tano!"

"Soma vizuri."

"Nimesoma! Ishirini na tano na kidogo!"

"Leta chakula," Gamaliel akasema.

Penina alirusha konzi moja. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha, karibu na bomba la maji ya moto, punje moja ikapotea. Ikapotea nyingine. Halafu maji yote ya kona ile yakapasuka, mgongo juu ya mgongo, midomo inapiga mabusu hewani, matone yakawarukia usoni. Penina alipiga kigelegele hadi jirani akatokea na upawa mkononi. Gamaliel alimnyang'anya ndoo ya chakula, akaanza kurusha mwenyewe huku akisema, "Kuleni! Kuleni, waitu! Kuleni!"

Tangu siku hiyo bwawa likawa la wawili. Ukweli ni kwamba Gamaliel alizidi. Aliamka akaenda kupima maji kabla ya kunawa uso. Akampigia simu Nancy kumweleza kwamba samaki wa upande wa kushoto wanakula kuliko wa kulia. Alianza kuwasimulia habari za mtaa, na Penina alipomfumania, alisema alikuwa anaongea na simu.

Jumatano ya wiki ya pili upepo ukaja.

Ulianza saa tisa mchana kutoka ziwani, ule upepo mkavu wa kipupwe unaoinua vumbi barabarani na kupigisha migomba makofi. Penina alikuwa anapepeta mchele. Akasikia mlio kama shuka linachanwa. Alipofika nyuma, upande mmoja wa nailoni ulikuwa umeng'oka na unapaa hewani kama bendera, na matao mawili ya mianzi yamelala majini. Alirukia ncha ya nailoni akaikumbatia. Upepo ukamwinua, akahisi visigino vinaacha ardhi.

"Baba Nancy! Baba Nancy wee!"

Gamaliel alitoka mbio akashika ncha nyingine. Wakabaki hivyo, kila mtu amekumbatia kona yake, hakuna wa kwenda kuleta kamba. Kama wangeachia, kifuniko kingeishia kwenye migomba ya jirani kimeraruka vipande.

Aliyewaokoa alikuwa Maige. Huyu alikuwa mvuvi, Msukuma aliyetumia miaka kumi na sita kwenye visiwa vya Muleba, akahama kambi hadi kambi, kabla ya mgongo kumkataza na kuja kuuza dagaa karibu na barabara yao. Alikuwa anapita na baiskeli. Aliona watu wazima wawili wanapigana na nailoni, akaitupa baiskeli pembeni, akaja na mpira wa kufungia mzigo na kamba yake ya dagaa.

"Msiivute kuelekea kwenu!" akapiga kelele. "Iacheni ishuke kwanza! Mama, kaa juu yake! Kaa kabisa!"

Penina alikaa. Maige akazunguka bwawa ameinama, anafunga fundo kwenye kila jiwe na kila kisiki, mikono inakwenda bila yeye kuitazama. Dakika kumi hazikufika, kifuniko kilikuwa kimetulia, kinapumua tu juu na chini.

"Fundo hili," alisema akihema, "limewahi kushikilia mtumbwi kisiwani Goziba kwenye mawimbi ya kutisha. Upepo huu ni mtoto."

Walimwingiza ndani wakampa chai na ndizi. Aliwauliza samaki wao wanavuliwa lini, na kwa wavu gani. Penina akasema hajafikiria bado, labda kwa ndoo. Maige alimtazama kwa huruma.

"Nina kipande cha kokoro kuukuu, wavu wa kukokota," akasema. "Ziwani limepigwa marufuku, siwezi hata kulianika. Lakini humu kwenu hakuna doria."

Ikawa hivyo. Siku ya kuvuna ikapangwa Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, ili samaki wapikwe wabichi.

Jambo moja tu lilimsumbua Penina wiki ile ya mwisho. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita, samaki walikula kwa fujo, lakini wachache walijitenga karibu na bomba la maji ya moto. Hawakugusa chakula. Na makoo yao yalikuwa yamevimba, kama mtu mwenye jino bovu. Alimpigia Annastella mara nne, lakini huko visiwani simu haikupatikana. Hakumwambia Gamaliel. Aliomba tu usiwe ugonjwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi uani hapakuwa na pa kukanyaga. Hellen alikuja na wanawake tisa wa usharika, wamebeba mabeseni, visu na mizani ya kuning'iniza. Majirani walikuja na watoto. Gamaliel alizima pampu, akakunja nailoni, akatoa hotuba fupi kuhusu mpira mweusi ambayo hakuna aliyeiomba. Maige aliingia majini na ncha moja ya wavu, Gamaliel na nyingine akiwa na kaptura ambayo Penina alidhani aliitupa zamani.

"Tembeeni pamoja," Maige akasema. "Miguu iburuze chini. Mkiinua wavu, wanapita chini wote. Haya, taratibu."

Walitembea. Wavu ukajikunja nyuma yao kama tabasamu. Walipofika katikati maji yalianza kutetemeka, walipobakiza mita mbili sato mmoja aliruka hewani, mkubwa, mweusi mgongoni, akaangukia ng'ambo ya wavu. Watu wakapiga ukelele. Akaruka mwingine. Akaruka mwingine tena akampiga Gamaliel kifuani, na Gamaliel, badala ya kukasirika, akacheka kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Vuta!" Maige akapaza sauti. "Vuta sasa, vuta, vuta!"

Kila aliyekuwa karibu alishika. Hellen mwenyewe alitupa mkoba wake kwenye majani akashika kamba. Wavu ukapanda ukingoni umejaa fedha inayoruka, na kelele zake zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Penina alipiga magoti katikati yao. Alimwinua mmoja kwa mikono miwili. Mzito! Akamtundika kwenye mizani.

"Gramu mia tatu na themanini!"

"Soma tena," akasema Hellen.

"Mia tatu na themanini, mwenyekiti!"

Mabeseni yakaanza kujaa. Kilo tano, kilo kumi na mbili, kilo ishirini. Penina alichukua samaki aliyefuata, akaona koo lake limevimba. Ndiyo wale wagonjwa. Alimgeuza amtazame vizuri, akambonyeza kidogo chini ya taya.

Samaki alifungua mdomo, na mdomoni mkatoka wingu la vitu vidogo sana, vyeusi, vyenye macho. Vilimwagika kiganjani kwake na vilikuwa vinatembea.

Kwa sekunde moja hakuelewa. Kisha akaelewa, akapiga ukelele ambao uliwanyamazisha watu wote.

"Simameni! Acheni! Asiguse mtu! Huyu ni mama!"

"Mama gani?" Gamaliel akauliza kutoka majini.

"Ana watoto! Ana watoto mdomoni!"

Maige alipanda ukingoni akachungulia. Uso wake wote ukafunguka. "Engege jike hulea mdomoni," akasema. "Ziwani nimewaona mara nyingi. Mwenye koo lililovimba ndiye anayelea."

"Lakini tuliuziwa madume matupu!" Gamaliel alikuwa anapiga maji kwa viganja. "Aliyetuuzia vifaranga alisema hakuna jike hata mmoja!"

"Basi wamempita machoni," Maige akasema. "Na ninyi mmewapa joto. Wakipata joto, wanafanya wanachofanya watu wote."

Wanawake wa usharika walicheka hadi wengine wakakaa chini, lakini Penina hakuwa na muda wa kucheka. Alimrudisha yule samaki na watoto wake kwenye ndoo ya maji ya bwawani, akaanza kupekua mabeseni. Wa pili. Wa tatu. Hellen alikunja mikono ya blauzi akainama kumsaidia. "Huyu koo kubwa. Na huyu? Tazama huyu, Mama Nancy!" Walipomaliza walikuwa na majike kumi na wanane kwenye ndoo tano, na maji ya ndoo hizo yalikuwa yamekuwa meusi kwa vifaranga. Baadhi ya vifaranga walikuwa wanaogelea na kurudi mbio kwenye midomo ya mama zao kila mtu alipoweka kivuli juu.

Watoto wa mtaa walizizunguka ndoo wakakatazwa hata kupumua.

Mizani, hata hivyo, haikudanganya. Bila majike, kilo zilikuwa thelathini na moja.

Watu walitazamana. Hellen alifuta mikono kwenye khanga yake. Alikuwa na haki ya kusema neno, wote walijua. Akasema, "Thelathini na moja ni samaki wengi, Penina. Nyingine tutanunua. Hakuna aibu hapo."

Penina alitazama bwawa, matope yanazunguka. "Nilihesabu wanaokula," alisema. "Wakubwa zaidi hawamo humu. Kuna mmoja ana kovu mgongoni, simwoni."

Maige alikuwa ameshatelemka tena. Alitembea polepole pembeni, kule kwenye kina, anapapasa chini kwa nyayo. Akasimama.

"Kuna mashimo," akasema. "Madume wanachimba viota. Wavu umepita juu yao." Akazama hadi mabegani, akageuza uso juu, macho ameyafumba. Kisha akainuka ghafla na sato mkubwa kama sinia amembana kifuani.

Ukelele uliosikika pale, watu wa ng'ambo ya barabara walisema baadaye walidhani kuna harusi. Gamaliel alijitupa naye majini. Mwanzo alitoka na tope, mara ya pili akatoka na jiwe, mara ya tatu akatoka na samaki aliyemponyoka, akamdaka tena hewani kwa mkono mmoja, akabaki amemshikilia huku haamini. Vijana wawili wa kwaya walivua mashati wakaingia. Kila aliyetoka na samaki alishangiliwa kwa jina. Penina alikuwa anasoma mizani kwa sauti ya kukauka: thelathini na nne, thelathini na saba, thelathini na tisa na nusu.

"Arobaini!" Hellen ndiye aliyepiga kelele kwanza. Alimkumbatia Penina wote wawili wakiwa na magamba hadi kwenye nywele, wakaanza kurukaruka papo hapo ukingoni, mwenyekiti na mwanachama, hadi Hellen akateleza akaingia bwawani na viatu vyake.

Hakuna aliyemcheka zaidi ya yeye mwenyewe.

Jumla ilifika kilo arobaini na tatu. Majike walirudishwa bwawani mmoja mmoja, nailoni ikafungwa, na Gamaliel akawasha pampu kabla hata hajavaa suruali.

Jumapili watoto thelathini na sita walipata kipaimara wakiwa wamevaa nyeupe, na baada ya ibada watu walikaa kwenye viti vya plastiki nje ya kanisa, wakala samaki wa kuchemsha na wa kukaanga kwa ndizi hadi vijiko vikasikika vinakwaruza masufuria. Penina hakula. Alikuwa anazunguka na sahani, anatazama watu wanavyochambua miiba. Mgeni mmoja, mkulima wa mpunga aitwaye Protase, aliyekuja kutoka Ngenge kumshuhudia mpwa wake, alirudi mara tatu kwenye meza. Mara ya tatu aliuliza samaki hawa wametoka kisiwa gani. Akaonyeshwa Penina.

Waliongea hadi viti vikakusanywa. Protase alimweleza kwamba kwao Ngenge ni bondeni, joto halikatiki kama huku juu, na ana maji ya mfereji yanayopita shambani bure. Hakuwahi kufikiria kuyawekea kitu zaidi ya mpunga.

"Maji yako yana nyuzi ngapi?" Penina akauliza.

"Sijui. Yanapimwa?"

"Yanapimwa," akasema Penina, na akajikuta ameshika mkono wa mtu asiyemjua kwa furaha. "Nitakuja niyapime mwenyewe."

Wiki nne baadaye Protase, bwawa lake likiwa limeshachimbwa, alikuja na pikapu. Vifaranga walikuwa wamefika urefu wa msumari. Waliwachota mia nne alfajiri, wakawatia kwenye mifuko minene iliyojaa hewa, wakaifunga kwa mpira. Annastella, aliyekwisha kurudi kutoka visiwani na kusikia habari hizo kwa watu kumi tofauti, alikuja kukagua mafundo na kumpa Penina maelekezo ambayo Penina alikuwa ameshayajua.

"Usiwamwage ghafla. Mfuko ukae juu ya maji kwanza, wazoee."

"Robo saa," Penina akasema.

"Robo saa. Na usimamie mwenyewe. Wewe ndiye mtaalamu huko."

Penina alipanda mbele, mfuko mmoja mapajani. Hakuwahi kufika Ngenge. Hakuwahi kwenda mahali popote kumfundisha mtu kitu chochote. Kupitia nailoni aliona mamia ya macho yanameta, yanageuka yote upande mmoja kila gari lilipotikisika.

"Endesha taratibu, ndugu Protase," akasema. "Ila usiwe taratibu sana."